Chumvi Nne za Njombe na Madini Joto Yaliyomo

Swali lililonifanya niandike tathmini hii liliulizwa kliniki, tena sikuulizwa mimi. Mdogo wangu wa kike, aliyekuja kukaa nasi Njombe mjini akiwa na ujauzito wa miezi mitatu, alirudi kutoka hudhurio lake la kwanza na kadi mpya, vidonge vya kuongeza damu, na swali ambalo muuguzi alimwuliza akashindwa kulijibu: nyumbani mnatumia chumvi gani? Alikuwa amejibu kwamba ni ya kawaida. "Mama, ya kawaida ipi?" muuguzi akamwuliza tena. "Ya pakiti au ya kopo?" Jioni ile tulifungua kabati la jikoni tukakuta chumvi za aina mbili, moja ndani ya kopo la zamani la maziwa lililopoteza kifuniko chake, nyingine ndani ya mfuko wa nailoni usio na maandishi yoyote, na hapakuwa na mtu ndani ya nyumba aliyekumbuka ipi ilinunuliwa wapi.

Katika wiki sita zilizofuata nilikusanya chumvi nne, nikazitumia kwa zamu, na kuzipima kama zina madini joto, yaani iodini, kwa kichupa cha matone ambacho jirani yangu, aliyestaafu kazi ya lishe, aliniazima pamoja na karatasi yake ya rangi. Kipimo chenyewe ni chepesi. Unatandaza kijiko cha chumvi kwenye kisosi cheupe, unakisawazisha, unadondosha matone mawili, unasubiri dakika moja. Wanga uliomo kwenye dawa ukikutana na madini joto chumvi hugeuka zambarau, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo madini yanavyoelekea kuwa mengi. Jirani yangu alinionya mapema kwamba matone haya yanaweza kuaminiwa kwa swali la yapo au hayapo, ila si kwa swali la ni kiasi gani, ambalo hujibiwa maabara tu. Msomaji ayapokee matokeo yangu kwa mipaka hiyo.

Chumvi ya kwanza ni ile ya pakiti ya nusu kilo, laini, iliyofungwa kwenye nailoni ngumu yenye alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na maneno "ina madini joto" yaliyoandikwa kwa herufi zinazosomeka hata na mtu aliyesahau miwani. Niliinunua kwa shilingi 500 katika duka la rejareja karibu na stendi. Inamiminika vizuri, haina mchanga, na ladha yake haitofautiani na ya chumvi nyingine yoyote, jambo ninalolitaja kwa sababu bado wapo wanaodai kwamba madini joto huacha harufu ya dawa kwenye mboga. Nilipika nayo maharage, kabichi na mchuzi wa nyama kwa majuma mawili, na hakuna mlaji aliyegundua badiliko lolote. Matone yalipodondoka, kisosi kiligeuka zambarau iliyokolea mara moja, kabla ya dakika kuisha.

Kasoro ya pakiti hii iko kwenye ufungaji wake baada ya kufunguliwa. Ukishaikata kona, hakuna njia ya kuifunga tena isipokuwa kwa kuikunja na kuibana kwa mpira, na kwa kuwa jikoni kwetu mkono unaoshika chumvi ni mkono uliotoka kushika maji, baada ya siku tatu mdomo wa pakiti huwa umelowa na chumvi imeshikana mabonge. Kasoro ya pili ni kwamba pakiti inaeleza kuwa madini yamo bila kusema ni kiasi gani. Kwa mnunuzi wa kawaida huenda hilo si kitu, lakini kiasi ndicho kiini cha jambo zima, na nitalieleza sasa hivi kabla ya kuziendea chumvi nyingine.

Mtu mzima anahitaji takribani maikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha anahitaji takribani 250. Ni kiasi kidogo mno: ukikusanya mahitaji ya mtu mmoja kwa maisha yake yote hayajazi kijiko cha chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa ajili ya shinikizo la damu. Sasa chukua chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kila kilo, uizidishe kwa gramu hizo 5, unapata maikrogramu 150 kamili, yaani hitaji la siku bila kuongeza hata punje ya chumvi. Lakini ikiwa chumvi hiyo imepoteza nusu ya madini yake njiani na dukani ikabaki na miligramu 15, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachokubalika kimataifa katika ngazi ya kaya, gramu zilezile 5 zinampa mlaji maikrogramu 75, na mjamzito anakuwa amepata chini ya theluthi ya anachohitaji. Hesabu hiyo niliifanya mezani kwa kalamu, mdogo wangu akiwa ameketi mbele yangu, na tangu hapo nimeacha kuiita chumvi yoyote ya kawaida.

Chumvi ya pili ndiyo niliyoitarajia kushindwa, na imeshindwa kwa namna ambayo sikuitarajia. Ni chumvi ya mawe, ile ya punje kubwa za kijivu, inayouzwa sokoni kutoka kwenye gunia lililoachwa wazi na kupimwa kwa kopo. "Kamwene," nilimsalimu mama muuzaji, akaitika huku akichota kutoka juu ya gunia, pale palipopigwa na jua tangu asubuhi. Nilimwomba anichotee makopo mawili, moja la juu na moja la chini kabisa, akacheka akaniuliza kama ninanunua chumvi au ninatafuta sindano. Nyumbani chumvi ya juu haikubadilika rangi hata kidogo. Ile ya chini, iliyokuwa na unyevu wa kushikika, ilitoa zambarau hafifu kama doa la wino lililofuliwa.

Jirani yangu hakushangaa. Alinieleza kwamba chumvi hii huenda ilitoka pwani ikiwa imenyunyiziwa madini joto, kwa sababu wazalishaji wadogo wengi wa mwambao hutumia bomba la kubeba mgongoni, la aina ileile ambayo mkulima hutumia kupiga dawa ya mimea, na kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu inatosha. Tatizo ni kwamba madini yanabaki juu ya punje. Gunia likipata unyevu, maji huyayeyusha na kushuka nayo chini, na likiachwa juani na kwenye hewa kwa wiki kadhaa, yaliyobaki juu hupungua. Kwa hiyo wanunuzi wawili wa gunia moja, mmoja wa asubuhi ya Jumatatu na mwingine wa jioni ya Ijumaa, wanaweza kurudi nyumbani na chumvi mbili tofauti kabisa bila wao wala muuzaji kujua.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo nililiona kwa mama yangu na ninaliona mpaka leo kwa wapishi wengi wa chumvi ya mawe: huiosha kwanza. Wanaiweka kwenye bakuli, wanamwagia maji, wanaisuuza haraka ili mchanga utoke, wanayamwaga maji hayo, ndipo wanaitia kwenye sufuria. Kwa usafi ni jambo la kueleweka kabisa, maana chumvi yenyewe kweli huja na mchanga. Kwa madini joto ni hasara tupu, kwa sababu yale machache yaliyosafiri kutoka baharini hadi milimani juu ya ngozi ya punje yanaishia kwenye karo. Bei ya kopo ni nafuu kuliko ya pakiti, ila ukitoa mchanga na kile kinachopotea kwenye kuosha, nafuu hiyo ni ndogo kuliko inavyoonekana. Siipendekezi kwa chakula cha watu. Kwa kuhifadhia ngozi za mifugo na kazi nyingine zisizohusu kuliwa, inafaa.

Kuna msomaji atakayeuliza kwa nini chumvi ya bahari iongezwe kitu ambacho bahari inacho tayari. Ni swali zuri, na mimi nililiuliza pia. Bahari ina madini joto, na samaki na mwani huyakusanya, lakini maji yakikaushwa kwenye mabwawa ya chumvi kinachobaki kwenye punje ni kidogo mno kiasi cha kutofaa kitu. Kuishi karibu na bahari nako si kinga. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwakuta watoto wa shule wa Pemba na upungufu wa wazi, wakati ambapo chumvi yenye madini joto karibu haikuwapo kabisa katika kaya za kisiwa hicho, na hali ya Unguja, ambako chumvi hiyo ilikuwa imeenea zaidi, ilikuwa nafuu. Wanawake wa visiwa hivyo walikuwa tayari wamelima mwani kwa zaidi ya miaka kumi, wakiuanika kwenye mchanga na kuuza kwa ajili ya viwanda vya ng'ambo.

Kwetu milimani sababu ni nyingine na ni ya zamani. Mvua zinazotupa chai, viazi na misitu ya miti ya mbao ndizo zilizoosha madini joto kutoka kwenye udongo kwa karne nyingi na kuyapeleka baharini, na mmea hauwezi kutoa kisichokuwamo ardhini. Hata aliyekula vizuri, mboga za majani, maharage na ugali wa mahindi ya shamba lake mwenyewe, alikuwa anakula upungufu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na rovu. Katika picha mbili alizoacha ameifunga shingo yake kwa kitambaa, na tulipokuwa wadogo tulielezwa kwamba rovu lake lilitokana na kubeba kuni nzito kichwani. Rovu ni tezi ya shingo iliyotanuka kwa kuhangaika kunasa madini machache yanayopita kwenye damu. Ni sehemu inayoonekana tu. Isiyoonekana ni ile inayompata mtoto tumboni, kwa sababu katika miezi ya mwanzo ubongo wa kichanga hutegemea homoni za tezi ya mama peke yake, na mama mwenye upungufu mkubwa anaweza kuharibikiwa na mimba, kujifungua mtoto mfu, au kuzaa mtoto asiyesikia na ambaye akili na viungo vyake havikui ipasavyo. Upungufu wa wastani hauachi alama ya kuonwa na jirani. Unaacha darasa zima la watoto wanaoelewa polepole kuliko walivyopaswa, na mwalimu anayewaita wavivu.

Serikali ililijua hilo mapema. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa mwaka 1973, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, zikiwamo za Nyanda za Juu Kusini, kidonge kimoja kikikusudiwa kumtosha mtu kwa takribani miaka miwili. Mama yangu anakumbuka kukimeza akiwa amepanga foleni shuleni. Wachumi watatu, Field, Robles na Torero, walichapisha mwaka 2009 utafiti uliodai kwamba watoto ambao mama zao walifikiwa na vidonge hivyo wakati wa ujauzito walisoma zaidi kwa kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka wa shule, na kwamba wasichana ndio walionufaika zaidi. Watafiti wengine waliorudia hesabu hizo baadaye walipata matokeo dhaifu zaidi, na sidhani kwamba mjadala huo unapunguza uzito wa jambo lenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 kanuni za kutia madini joto kwenye chumvi ya kuliwa zilianza kutumika, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta rovu kwa watoto wa shule limeshuka hadi takribani asilimia 7, kutoka asilimia 25 ya miaka ya 1980, huku zaidi ya kaya 8 katika kila 10 zikiwa na chumvi yenye madini hayo. Kwa kitu nilichokinunua kwa shilingi 500, sijui bidhaa nyingine ya dukani iliyofanya kazi kubwa namna hiyo kimyakimya.

Narudi kwenye meza yangu. Chumvi ya tatu ilitoka duka kubwa la Dar es Salaam, ambako shemeji yangu aliniletea zawadi ya chumvi ya waridi, ile inayochimbwa migodini Pakistan na kuuzwa kama chumvi ya Himalaya. Chupa yake ni nzuri, ina kisagio juu, na bei yake ingeninunulia pakiti za nusu kilo zaidi ya ishirini. Maandishi ya ubavuni yanasifu madini mengi ya asili. Nilidondosha matone mawili, nikasubiri dakika, nikaongeza mengine mawili. Chumvi ilibaki na rangi yake ya waridi. Sina ugomvi na anayeipenda kwa uzuri wake mezani, na shemeji ananisamehe kwa kuisema hadharani, lakini nyumba yenye mjamzito ikiacha chumvi ya pakiti na kuhamia hii kwa imani kwamba imepanda daraja la afya, itakuwa imelipa fedha nyingi ili irudi kwenye lishe ya bibi yangu.

Chumvi ya nne ilinitatiza kuliko zote. Ni ya mawe pia, lakini imesafishwa na kufungwa kwenye pakiti za kilo moja na kikundi cha wazalishaji wadogo wa pwani, na pakiti imeandikwa kwamba ina madini joto. Nilitamani ishinde, kwa sababu kazi ya kukausha maji ya bahari ni ngumu na wanaoifanya ni watu wa kipato kidogo. Punje zake ni nyeupe na kavu, haihitaji kuoshwa, na kwa kuungia nyama ya kuchoma inapita zote. Pakiti ya kwanza ilitoa zambarau nzuri, ya pili, niliyoinunua duka lingine wiki mbili baadaye, ilitoa rangi hafifu. Pakiti zote mbili hazikuwa na tarehe ya kuzalishwa, kwa hiyo sikuwa na njia ya kujua kama ya pili ilinyunyiziwa vibaya au ilikaa ghalani muda mrefu. Nitaendelea kuinunua kwa nyama, na kwa chungu cha kila siku nitasubiri waandike tarehe.

Katika wiki ya tano nilifanya jaribio moja la ziada. Pakiti mbili za chumvi ya kwanza, za kundi moja la uzalishaji, nilizifungua siku moja: moja niliimimina kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana na kuliweka kabatini, nyingine niliiacha wazi juu ya rafu iliyo karibu na jiko la mkaa, mahali ambapo nyumba nyingi huweka chumvi kwa sababu mkono unapafikia. Baada ya siku kumi na tano ya kabatini ilikolea kama mwanzo, na ya kwenye rafu, iliyokuwa imelowa mvuke wa sufuria kila siku, ilitoa rangi iliyopauka. Ni jikoni mwangu tu na kipimo cha matone tu, lakini kilitosha kunifanya nihamishe kopo. Nimejifunza pia kutia chumvi chungu kikiwa karibu kuepuliwa badala ya mwanzoni, kwani sehemu ya madini hupotea katika kuchemka. Kwa maharage hilo halikuwa taabu. Kwa ugali, ambao kwetu hatuutii chumvi, halikuhusu. Kwa makande ilibidi nibishane na mama.

Jambo moja linawahusu wachache: mwenye rovu la miaka mingi, lenye vinundu, au anayetumia dawa za tezi, aongee na daktari kabla ya kubadili chakula chake ghafla, maana tezi iliyozoea ukame ikipata madini kwa wingi inaweza kufanya kazi kupita kiasi. Wengine walio wengi hawana cha kuogopa katika kiasi kinachotiwa kwenye chumvi.

Kwa chungu cha kila siku, basi, ninaipa alama za juu pakiti ndogo ya chumvi laini, na ninasisitiza neno ndogo. Familia ya watu wanne humaliza nusu kilo upesi kuliko inavyomaliza kilo mbili, kwa hiyo chumvi haipati muda wa kuzeeka ikiwa wazi. Kiwanda kikiniuliza, ningekiomba kiandike kiasi cha madini pale kilipoandika neno lenyewe, na kitafute namna ya pakiti kufungika tena. Muuzaji wa gunia naye nilirudi kwake nikiwa na kisosi na kichupa, nikampimia mbele ya wateja wake wawili chumvi ya juu na ya chini. Alitazama kimya, kisha akaniuliza kama turubai lingesaidia. Nilimwambia kwamba lingesaidia kidogo, na kwamba mfuko wa ndani wa nailoni ungesaidia zaidi. Wiki iliyofuata turubai lilikuwapo.

Mdogo wangu amesharudi kwake Ludewa. Katika mzigo wake mlikuwa na pakiti sita za nusu kilo, na lile kopo langu lenye kifuniko cha kubana, ambalo sikulikuta kabatini mpaka basi lilipokuwa limeondoka.